Mugeni Mwenye Alikuja na Mipira

Kuku ndio zilianza kukataa.

Tangu vita iingie Butembo, kuku za Kavugho zilikuwa zinalala chini ya motokari ya marehemu bwana yake, Peugeot 403 ya zamani, ya rangi ya majani, yenye ilikuwa inakaa juu ya mawe sawa mugonjwa juu ya kitanda. Pale chini mvua haifike, mbwa haifike, na kuku si mujinga kama batu banavyosema. Ile asubui Kamate mécanicien alitosha mawe na kuanza kufunga mipira ingine, kuku zote zikatoka, zikajipanga ku mulango ya jikoni, zikaangalia motokari na jicho moja moja. Kavugho akazitupia mahindi chini ya motokari. Hata moja haikuenda.

"Kuku ziko na kiburi leo," alisema. "Tutaona kama zitakataa na sufuria."

Motokari ile ilikosa mipira juu ya akili mingi ya Mathe, bwana ya Kavugho. Wakati basoda, baaskari ya vita, balianza kunyanganya magari, kila mutu ya Kimemi, mutaa yetu, mwenye alikuwa na kitu ya kutembea alitosha mipira yake akaificha: bengine mu plafond chini ya mabati, bengine mu choo, bengine mu kaburi ya uongo, na musalaba juu. Motokari bila mipira, soda ataibeba na kichwa? Mathe naye alizika yake mu shamba ya ndizi, mais hakuonyesha mutu fasi, juu aliogopa ulimi ya bibi yake kuliko bunduki. Kiisha tumbo ikamuua, na siri ikaenda naye. Kavugho na Éliakim, mutoto yake ya mwisho, balichimba shamba yote. Balipata mifupa ya mbwa na minyoo.

"Angalau kifo yake ilitulimisha," Kavugho alisema. "Uzima yake haikufanya ivyo."

Alikuwa anasema mambo ya vile kila siku, na batu balifikiri haumiaki. Lakini batoto yake bengine vita ilikwisha kubakula, mumoja ku njia ya Lubero, mumoja haijulikane hata ku njia gani. Alibakia na Éliakim, na Léa bibi ya Éliakim, mwenye tumbo yake ilikuwa imeanza kuonekana. Na Éliakim alikuwa na ndoto moja: kuamusha motokari ya baba yake, aipambe na maua, abebe babibi-arusi siku ya posho, ile Jumamosi ya arusi. Vita au hapana vita, batu hawaachi kuoana.

Taabu ilikuwa jante, ile chuma ya katikati ya mupira. Motokari za batu bengine zinafungwa na boulon ine, tano. Jante ya ile 403 iko na matundu tatu tu. Ulete jante ya Toyota, inakucheka. Kamate alitafuta Beni, akatafuta Lubero, akashuka paka kule Kayna. Halafu siku moja akafika na mipira ine juu ya chukudu yake, ile kinga, baiskeli ya miti yenye banasukumaka na mizigo, na jante zilikuwa na matundu tatu, rangi nyeupe, mipira yake bado muzuri kabisa.

"Ilitoka wapi?" Kavugho aliuliza.

"Kwa mufanyabiashara moja ya Beni, mama Éliakim."

Akainua motokari na kriki, akaanza kufunga. Ukungu ya asubui ilikuwa bado chini. Kavugho alikuwa jikoni anachagua maharagi, mugongo ku mulango. Akasikia sauti ya mwanaume ku mulango ya lupango, uwa ya nyumba, sauti ya pole, ya mutu mwenye alisoma:

"Hodi."

"Karibu, baba. Ikala," Kavugho alijibu bila kugeuka.

Kwetu mugeni anapewa ile neno mbele ya kupewa maji. Ikala: weka matako chini, upumuzike. Njo neno ileile kwa mutu mwenye anaikala juu ya kiti, na kwa mutu mwenye anaikala mu muji miaka yote. Mutu ya akili anajua ni gani alipewa. Hakuna mwenye anaikala juu ya kiti akafikiri nyumba ni yake.

Alitoka na maji mu kikombe. Hakukuwa mutu. Kulikuwa tu Kamate, magoti chini, jasho inamutiririka mu baridi ile.

"Nani alipiga hodi?"

"Hakuna mutu, mama."

"Niko kiziwi, ao uko muongo?"

Mulango ya mbele ya motokari ilikuwa wazi, na kiti ya chauffeur ilikuwa imezama katikati, sawa vile mutu muzito ameikala juu yake.

*

Harufu ndio ilifuata. Ilikuwa harufu ya mutu anaenda ku arusi: sabuni, lotion, kiatu imepakwa mafuta. Ukivuta pumuzi ya pili, chini ya ile lotion ulisikia nyama yenye ilibaki mu sufuria imefunikwa. Léa akasafisha motokari na maji ya moto na majivu. Harufu ikaingia mu nyumba.

Kiisha motokari ikaanza kugeuka. Jioni Éliakim aliiacha inaangalia nyumba. Asubui ilikuwa inaangalia mulango ya lupango, fasi barabara ya Beni inapita. Hakuna mutu alisikia moteur. Balisikia tu mipira inasaga changarawe, polepole, polepole sana, sawa vile mutu anatafuna mufupa na hataki kuamusha bengine.

"Ni kilima," Éliakim alisema. "Inateleza."

"Inateleza kupanda?" Kavugho aliuliza.

Posho ile Éliakim alibeba bibi-arusi ya kwanza. Mutoto ya batu alitoka mu motokari analia, shela imepinda. Alisema kati yake na bwana yake kulikuwa kumeikala mutu ya tatu mwenye suti, mwenye alimuomba pardon kila mara motokari inaruka shimo. Bakubwa bakasema ni woga ya arusi. Kavugho aliangalia shela: ku upande moja ilikuwa na alama ya mukono, nyeusi, ya mafuta.

Padri akaletwa. Akamwanga maji ya baraka ku capot, kifuniko ya moteur, na maji ikalia chwaa, ikakauka sawa juu ya kikaango. Padri alikumbuka kwamba iko na misa fasi ingine.

Mais ile yote Kavugho angeivumilia. Alivumilia basoda, alivumilia Mathe. Yenye hakuweza kuvumilia ni Éliakim. Mutoto alianza kuamuka mbele ya jogoo, anaenda kuikala ku volant, ule usukani, mikono mbili juu yake, macho mbele, moteur imezimwa. Chakula hakula. Bibi yake akimushika, ngozi yake iko baridi. Na alianza kusema "siye" fasi ya kusema "miye": siye hatuna njaa, siye tumechelewa.

"Mumechelewa kwenda wapi?" Kavugho alimuuliza alfajiri moja, amesimama ku dirisha ya motokari na kitambaa ku pua.

"Mugeni anataka kurudi kwake, mama," Éliakim alisema, polepole, na sauti yenye haikuwa yake yote. "Aliniomba na adabu. Ni mbali kidogo tu. Kiisha Maboya, ku njia ya Beni."

Kavugho akachomoa ufunguo, akauweka mu kifua, fasi hata jini lingeona haya kuutafuta. Akaenda kwa Kamate.

*

Kamate alikuwa mu garage yake, chini ya mabati.

"Ile mipira ilitoka wapi?"

"Nilikwisha kusema, mama. Beni."

"Kwa nani?"

"Mufanyabiashara."

"Jina yake?"

Kamate akaanza kupangusa kle ya boulon yenye ilikuwa safi.

"Kamate," Kavugho alisema, "siku mama yako alikuzaa, miye ndio nilikupokea, na ulitoka matako mbele. Nakujua kuanzia matako. Sema."

Kle ikaanguka.

"Ku mutelemuko kiisha Maboya," Kamate alisema, na sauti ikawa ndogo. "Iko 403 nyeupe mu matete. Basoda baliipiga risasi wakati ya mapigano ya kwanza. Batu banaipita banageuza uso. Mwenye motokari… angali ndani."

"Mifupa yake."

"Hapana, mama. Yeye. Ameikala. Na suti, na kravati, mukono ku volant. Hakuoza. Nzi haimuendee. Niliweka kriki, nikainua motokari naye ndani, nikatosha boulon. Ku mupira ya mwisho nilisikia anavuta pumuzi, sawa mutu mwenye ameikala kwa kinyozi."

"Na ulimuambia nini?"

"Nimuambie nini, mama? Nilikuwa naiba!"

"Hata mwizi anasema pole," Kavugho alisema, na akatoka.

*

Kasika alikuwa kizee ya Lubero, alikuwa anauza viazi ku soko na kutibu batu wenye kanisa ilishindwa. Hakuogopa kitu, na hakuoga mingi. Alizunguka motokari bila kuigusa, akanusa kila mupira, akatema mate.

"Huyu si mufu," alisema. "Mufu alikwenda zamani. Huyu ni jini. Aliona suti imebaki bila mwenyewe, akaivaa."

"Umutoshe," Kavugho alisema.

"Nimutoshe na nini? Jini ya kuvunja mulango naipiga na moto, inalia, inakimbia. Mais huyu hakuvunja kitu. Huyu anatembea na adabu, na adabu haina kamba ya kukatia. Kamate alimupa mipira ya kufika nayo. Sasa niambieni: nani alimupa neno ya kubakia?"

Léa aliangalia mukwe yake. Kavugho aliangalia maharagi.

"Miye," alisema. "Nilimuambia ikala. Nilifikiri ni mutu."

"Naye aliikala." Kasika hakucheka. "Anatafuta mutu ya kumuachia fasi yake mu ile motokari nyeupe. Siku Éliakim anamufikisha kule, yeye atashuka, na mutoto yako atabakia ameshika volant, na macho wazi, paka dunia iishe."

Ndani, fasi balikuwa bamefunga Éliakim ku kitanda na kamba ya mbuzi, alisikika anaomba, sawa mutoto mudogo: "Mama, mugeni anachelewa. Mama, ni haya."

"Kwetu mugeni hafukuzwi," Kasika alisema. "Anasindikizwa. Mwenye alimupa neno ndiye anamusindikiza, na miguu, na mizigo yake yote, paka yeye mwenyewe aseme: inatosha, regea. Usiseme weye. Usiangalie nyuma. Na ile ulimi yako, ndugu yangu, uifunge ndani ya meno."

"Hiyo ndio kazi ya nguvu," Kavugho alisema.

*

Kamate akatosha mipira ine, akairudisha juu ya chukudu, na motokari ya Mathe ikarudi juu ya mawe. Kavugho akasimama ku mulango ya lupango, akasema mu hewa, bila kuangalia fasi moja: "Baba, njia ni mbali. Twende nikusindikize." Harufu ya lotion ikamupita ku bega.

Balitoka mu Kimemi jua imepanda, Kamate anasukuma, Kavugho ku kando. Ku mwinuko chukudu ilikuwa muzito sawa imebeba jiwe ya kanisa. Ku mutelemuko haikukimbia. Nyuma yabo viatu vya ngozi vililia, kwi, kwi, havikukaribia, havikubaki.

Ku barrière, fasi njia imefungwa na muti, basoda balikuwa banachoma mahindi. Mumoja akainuka na bunduki yake.

"Mama, ozokende, unaenda wapi?"

"Maboya."

"Na mipira bila motokari? Mama, motokari yako ilikimbia ikakuachia viatu?" Bengine bakacheka. Kiisha akaangalia nyuma ya Kavugho, akanyoosha kidole. "Na ule wa suti? Karatasi yake iko wapi?"

Kamate akafunga macho.

"Ni mugeni yangu," alisema. "Namusindikiza."

Soda akafungua kinywa kwa kuuliza tena. Sijui aliona nini ku uso ya ule mugeni. Hindi ikamuponyoka, akarudi nyuma, akainua muti ya barrière mwenyewe, na hakuna mwenye alicheka tena.

Balifika ku mutelemuko wakati ukungu inatoka mu bonde. Motokari nyeupe ilikuwa mule mu matete, imelala juu ya tumbo. Kavugho hakuangalia fasi ya chauffeur. Aliangalia mikono ya Kamate. Kamate akaweka kriki. Akainua. "Pole, baba," alisema, na kila boulon alisema "pole, baba", na ku mupira ya tatu boulon zikaanza kujikaza zenyewe mu vidole vyake, krr, krr, sawa mutu anasaga meno. Ku ya mwisho akaacha kriki, akaacha kle, akapanda chukudu yake na kushuka na mutelemuko bila kuangalia inaenda wapi. Kavugho hakumuita. Mutu wa kutoka matako mbele, ungemutegemea nini?

Alisimama peke yake. Matete haikutikisika. Halafu sauti ya pole, ya mutu mwenye alisoma, ikasema karibu na sikio yake:

"Wasingya, aksanti, mama. Inatosha. Regea."

Akageuka, akaanza kupanda. Hakukimbia, juu mwenye kukimbia anaonyesha iko na kitu ya kukimbia. Mulango ya motokari ikafunguka nyuma yake, ikafungwa polepole, na adabu. Alipanda paka fasi barabara inapinda, na pumuzi ikaanza kumurudia, akaanza kuwaza sombe, majani ya muhogo yenye Léa alikuwa anatwanga, na Éliakim mwenye labda sasa analala usingizi ya batu. Ndipo viatu vya ngozi vikalia. Kwi. Kwi.

"Mama," sauti ikasema. "Umenisindikiza mbali sana. Jua inaenda, na njia ni mubaya, basoda bako. Haifai mama mukubwa arudi peke yake. Na miye nikusindikize kidogo."

Na Kavugho akasimama katikati ya barabara, ukungu imefika magoti, akaona yote kwa mara moja, sawa mutu mwenye banamufungulia dirisha: kwamba Kasika hakufikiria hiyo, juu Kasika hakusindikizwaka na mutu, kwamba akikataa anavunja adabu, na adabu ndiyo kamba peke yake yenye ilikuwa inamufunga ule mududu, kwamba akikubali batatembea bawili paka Kimemi, muzuri, polepole, kwi, kwi, paka ku mulango ya lupango, na Léa ataona mukwe yake anarudi na muzee mwenye suti, na Léa alifundishwa muzuri kwabo, Léa anajua kupokea batu, atasema ikala, na kwamba tena, kama jini iko hapa ku barabara na yeye, haiko kule na Éliakim, haiko ku kitanda ile, haiko karibu na tumbo ile, na itakuwa hapa wakati wote wenye mutu ataikubalia adabu yake, usiku huu na kesho na kesho yake, kama huyo mutu iko na miguu na hana haya.

Akalia kidogo. Hakuna mwenye aliona, donc haihesabiwe.

Kiisha akageuka. Aliangalia nyuma. Kofia, kravati, meno mingi. Akatia mukono yake chini ya mukono ya suti, na kitambaa ilikuwa baridi na ya maji sawa ngozi ya chura.

"Hapana, baba," alisema. "Weye ndio mugeni. Nitakuwa mutu gani, nikuache urudi peke yako mu giza? Miye nitakusindikiza."

Jini likainamisha kichwa, juu lingefanya nini? Likageuka naye. Balishuka paka ku motokari nyeupe, jini likashukuru, likageuka, likasema sasa ni zamu yake. Balipanda paka fasi barabara inapinda, Kavugho akashukuru, akageuka, akasema hapana, baba, ni zamu yangu.

Giza ilipoingia kabisa, Kavugho alivua viatu akavitia mu kwapa, juu vilikuwa bado vipya.

"Twende, baba," alisema. "Tuone nani atachoka mbele."